Oxford: wapi pa kula ukiwa na bi mkubwa anayetaka halali

Mkuu umeuliza mnaenda Oxford kwenye mahafali ya dogo, mko na bi mkubwa ambaye hali kisichochinjwa kihalali, na mnataka pa kula pazuri bila kumaliza hela. Nimesoma pale na mji naupenda sana, kwa hiyo ngoja nikueleze vizuri.

Mahafali yanafanyika ukumbi wa Sheldonian, Broad Street. Mkitoka msikimbilie hizi restoranti zenye menyu imebandikwa nje kwa ajili ya watalii, bei kali na chakula cha kawaida tu. Kateni Turl Street halafu kulia Market Street mtaingia Covered Market, soko la ndani ambalo lipo tangu 1774, lilijengwa maana wauza nyama walikuwa wanachafua barabara kuu. Mpaka leo mabucha yapo humo, pamoja na mikahawa midogo, pai, chakula cha Kithai, na biskuti za Ben's Cookies zilianzia humo humo miaka ya 1980, chukueni zikiwa za moto. Ila soseji na pai muulize kwanza, nyingi ni kitimoto, na muuzaji hakasiriki ukiuliza, ni kitu cha kawaida kabisa kule.

Sasa kwa bi mkubwa, sehemu yenyewe hasa ni Cowley Road, na hii watalii wengi hawafiki. Mnashuka High Street moja kwa moja, mnavuka daraja la Magdalen, mnakuta mzunguko unaitwa The Plain, hapo zinatoka barabara tatu, nyie shikeni ya katikati. Aisee pale dunia nzima inapika: Waturuki na nyama zao za mkaa, Walebanoni na mikate inayotoka kwenye oveni mnaiona, Wabangladeshi, Wapakistani, na Wajamaika. Msikiti mkuu wa Oxford upo Manzil Way, pembeni tu ya barabara hiyo, ndiyo maana halali imejaa huko, mnaswali adhuhuri mnatoka mnakula. Sahani zinashiba kweli, wali wa kueleweka na pilipili ya kueleweka, mama hataulizia ugali siku hiyo. Mimi mtu akiniambia Oxford hamna chakula najua hakuvuka lile daraja.

Mchana mkiwa mjini na hamtaki kutembea, pitieni Gloucester Green, pale pale mabasi ya London yanaposhukia. Jumatano mpaka Jumamosi kuna soko la wazi lenye mabanda ya vyakula vya nchi mbalimbali, unalipa paundi kadhaa unakula umesimama au unatafuta benchi. Usiku gari za kebabu zinapaki katikati ya mji, wanafunzi ndiyo wanaishi nazo hizo, chipsi zenye jibini juu usiache kuonja.

Mkitaka historia kidogo, Queen's Lane Coffee House iko High Street na wenyewe wanasema mgahawa wao ulianza 1654, ingawa jengo la sasa siyo lile la mwanzo, kifungua kinywa kinafaa. Turf Tavern nayo imejificha kwenye kichochoro karibu na lile daraja la Hertford la kupigia picha, lakini ni pub, pombe zipo, kwa hiyo angalia na mama mwenyewe kama yuko sawa na hilo.

Mambo matatu muhimu. Maji ya bomba ni salama na ukiomba glasi mezani hulipi, msiuziwe chupa. Pia angalia chini ya risiti, sehemu nyingi wanaongeza hela ya huduma kama asilimia 12.5, siyo lazima, kama hamkuridhika mnaomba itolewe na wanatoa. Na msichelewe, jikoni za pub nyingi zinafungwa saa tatu usiku. Mkichelewa sana kuna aiskrimu za G&D's, ipo Little Clarendon Street na nyingine Cowley Road kule kule, wanauza mpaka usiku.