Ukishampiga kulungu, usikimbilie

SWALI: Nimepata kibali cha kuwinda kulungu kwa upinde katika hifadhi ya jimbo hapa Marekani. Nikishampiga, nisubiri kwa muda gani kabla ya kumfuata?

JIBU: Uangalie kwanza mshale. Damu nyangavu yenye mapovu ni ya mapafu: subiri nusu saa. Damu nzito, nyekundu iliyokolea, huwa ya ini. Mpe muda wa saa nne. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya kinyesi, umempiga tumboni. Ondoka kimyakimya, zipite saa nane au zaidi. Hapo ndipo wengi wanapompoteza mnyama: aliyepigwa tumboni hulala karibu, lakini akishtuliwa huenda mbali sana, na damu ni haba kwa kuwa matumbo huziba tundu.

Tembea kando ya matone, usiyakanyage, na ufunge utepe penye tone la mwisho.

Mpaka nao una uzito wake. Akiingia shamba la mtu au eneo lililofungwa, simama, umpigie simu mlinzi wa hifadhi. Hifadhi nyingi hufungwa usiku, kwa hiyo ruhusa ya kufuatilia gizani iulizie kabla hujapanda mtini kuvizia.