Hospitali nayo ni mwajiri: kwa wanaoanza kazi ofisi ya hesabu enzi hii ya SHA

Ukiajiriwa karani wa hesabu katika hospitali ya kibinafsi hapa Kenya, utakuta meza mbili. Kwenye meza ya kwanza wanaandaa mishahara ya wauguzi, madaktari, wapishi na walinzi. Kwenye ya pili wanaandaa madai ya bima. Enzi za NHIF, ile bima ya zamani ya taifa ya hospitali, mtu angeweza kukaa meza moja hadi astaafu bila kujali ya pili inafanya nini. Tangu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ianze, hilo halipo tena. Hospitali inakata michango ya wafanyakazi wake na kuipeleka kwa mamlaka, na papo hapo inasubiri mamlaka hiyo hiyo iilipe kwa wagonjwa iliowatibu. Nimekaa meza zote mbili, na haya ndiyo ninayowaambia vijana wanaoripoti kwetu.

Historia mtaulizwa na wafanyakazi wenzenu, kwa hiyo ijueni kwa ufupi. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, ikiwemo ile ya Bima ya Afya ya Jamii iliyofuta NHIF, mfuko uliokuwepo tangu 1966. Kesi zikafuata. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Waajiri walikaa muda wote huo na fomula mpya mkononi bila kujua wataiwasha lini.

Tuanze na mishahara. Mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya ulio chini ya SHA, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato: wa msingi, marupurupu ya nyumba, ya nauli, na malipo ya saa za ziada. Muuguzi aliyejaza zamu za usiku mwezi wa Desemba, mchango wake hauwezi kulingana na wa Novemba. Ukiona safu ya SHIF ina tarakimu zile zile miezi mitatu mfululizo katika hospitali yenye zamu, jua kuna mtu anakokotoa kwa mshahara wa msingi, au ananakili tu faili la mwezi uliopita.

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na cha juu hakina ukomo. Hapo ndipo kelele zilipotoka. Chini ya NHIF, aliyepata 100,000 na kuendelea alikatwa 1,700, basi. Sasa mwenye 100,000 anakatwa 2,750, na daktari bingwa wa 500,000 anakatwa 13,750. Upande wa pili hausemwi sana: msafishaji wa 20,000 alikuwa anakatwa 750, sasa anakatwa 550. Hospitali ina watu hawa wote kwenye orodha moja ya mishahara, na msidhani msafishaji atakuja kuwashukuru. Atakayegonga mlango ni daktari.

Akija, msimjibu kwa siasa. Mwonyesheni hesabu. Tangu 27 Desemba 2024 mchango wa SHIF unatolewa kwanza ndipo PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ihesabiwe, na ile nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya mchango ya wakati wa NHIF haipo. Mtu ambaye kipande cha juu cha mshahara wake kinatozwa asilimia 30, mchango wa 2,750 unampunguzia PAYE shilingi 825. Liandikeni hilo kwa kalamu mbele yake. Hatafurahi, lakini ataondoka akijua pesa yake imepita wapi, na hatarudi mwezi ujao na swali lile lile.

Mtasikia pia mameneja wakilalamika kwamba SHA imewaongezea gharama ya mishahara. Waulizeni ni gharama ipi. Kwenye tozo ya nyumba mwajiri anatoa asilimia 1.5 yake juu ya ile ya mfanyakazi. Kwenye NSSF, mfuko wa pensheni, kila upande unatoa asilimia 6. Kwenye SHIF mwajiri haongezi hata shilingi. Gharama yake inakuja kwa mlango wa nyuma: daktari aliyeona mshahara wa mkononi umepungua anaomba nyongeza, hospitali ya jirani inampa, na nyinyi mnabaki kutangaza nafasi. Tena mwajiri aliyekuwa na bima ya kibinafsi kwa wafanyakazi wake anaogopa kuiondoa, kwa hiyo watu wale wale wana bima mbili. Hapo msiache mkataba wa bima ya kibinafsi ujirudie kimyakimya. Someni ni nani analipa kwanza. Kama SHA ndiyo inayolipa sehemu ya mwanzo ya ankara ya kulazwa, bei ya bima ya juu yake inapaswa kuzungumzwa upya.

Madaktari wa kuja na kuondoka, wale wa zamu za kujaza pengo, wana mtego wao. Anayeleta ankara ya huduma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na mchango wake wa SHA ni wake mwenyewe. Msimwingize kwenye orodha ya mishahara kwa sababu tu jina lake limezoeleka. Na kama yupo kwenye ratiba ya zamu kila wiki mwaka mzima, mwambieni bosi kwamba huyo si mgeni tena, awahi kuandika mkataba kabla hajaandikiwa na mahakama ya kazi.

Tarehe ya kukariri ni 9. Mchango wa mwezi ulioisha uwe umefika ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa kuna adhabu ya asilimia 2, na hiyo ndiyo hasara ndogo.

Hasara kubwa niliiona nikiwa kaunta ya bima. Jioni moja mume alimleta mkewe, daktari ameshasema uchungu hauendelei na ni lazima apasuliwe. Karani akaingiza nambari ya kitambulisho, mfumo ukaonyesha michango haijalipwa. Mume akatoa simu, akafungua picha ya hati yake ya mshahara, akaipanua kwa vidole viwili hadi safu ya SHIF ikajaa kioo.

"Dada, si hizi hapa zimekatwa?"

"Zimekatwa, kaka. Hazijafika."

Alirudia kuitazama simu kana kwamba tarakimu zingebadilika. Mwajiri wake alikuwa amekata pesa na kuzikalia. Mama alipasuliwa, mtoto akalia, na bili ikalipwa na ndugu mmoja mmoja kwa M-Pesa, watu ambao hawakuwa na deni lolote na mtu. Ukichelewesha faili la michango kwenye kampuni yako, mwathirika humwoni kwa sababu amesimama kwenye kaunta ya hospitali nyingine.

Wala kutuma faili peke yake hakutoshi. Baada ya kulipa, angalia mistari iliyokataliwa: nambari ya kitambulisho iliyopinduliwa tarakimu, jina la ndoa kwenye mkataba na la ubini kwenye kitambulisho, mfanyakazi ambaye hakuwahi kujisajili kwa *147#. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inayopotea si mali yako. Mfanyakazi mpya akiripoti, siku hiyo hiyo mwulize kama amesajili mwenzi na watoto. Wengi wanadhani kukatwa ndiko kusajiliwa.

Sasa meza ya madai. Huku fedha ziko katika mifuko mitatu. Wa huduma za msingi, kwa vituo vya Level 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, unatoka kwenye kodi. SHIF, ile michango yenu, inalipia Level 4 hadi 6, yaani hospitali. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, nao ni wa kodi. Dai likienda mfuko usio wake, litarudi, kwa hiyo jua kwanza hospitali yako imepewa leseni ya Level gani, wala usitegemee kibao cha getini.

Kariri pia viwango vinavyohusu wodi zenu. SHA ilipoanza, kujifungua kwa kawaida kulipangiwa 10,000, kwa upasuaji 30,000, kusafishwa figo 10,650 kwa kila kipindi, na kulazwa wodi ya Level 4 shilingi 3,360 kwa siku. Hizo 3,360 ni kitanda, chakula, muuguzi, daktari kupita asubuhi, vipimo na dawa. Nimonia ya kawaida inaingia humo. Nimonia iliyogoma kusikia dawa ya kwanza, ikabadilishiwa ya pili iliyo ghali, inakula kitanda cha jirani yake. Huna uwezo wa kubadilisha viwango. Unachoweza ni kumpa mkurugenzi hesabu ya kila huduma peke yake, ajue ipi inajilipa na ipi inabebwa. Hospitali nyingi ndogo zilikuwa hazina hesabu hiyo kabisa. Zilijua tu kwamba mwisho wa mwezi pesa hazitoshi.

Madai mengi hayakataliwi kwa sababu ya tiba. Yanakwama kwenye vitu vya kuudhi: idhini ya awali iliombwa baada ya upasuaji badala ya kabla, muhtasari wa kuruhusiwa hauna saini ya daktari, utambuzi wa ugonjwa alioandika daktari haufanani na uliochaguliwa kwenye mfumo, mgonjwa alithibitishwa akiingia lakini akaondoka bila kuthibitishwa. Mwanzoni uthibitisho ulikuwa kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na nyanya aliyeacha simu nyumbani alikuwa kazi ya nusu siku. Baadaye ikaja alama ya kidole. Mkulima aliyeshika jembe maisha yake yote, vidole vyake mashine haivisomi kirahisi, kwa hiyo weka kitambaa chenye maji karibu na mashine na usimfokee mzee wa watu.

Ninalotaka mlishike zaidi ni hili: dai lililotumwa si pesa. NHIF ilipofungwa iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, na Machi 2025 Rais alitangaza kwamba vituo vinavyodai hadi shilingi milioni 10 vilipwe deni lote, huku madeni ya zaidi ya hapo yakihakikiwa kwanza. Mwezi mmoja kabla, RUPHA, chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, kilikuwa kimewatangazia wanachama wake waache kutibu kwa mkopo. Nyuma ya tangazo kama hilo kuna msambazaji wa dawa aliyekuwa anakupa siku 60, akapunguza hadi 30, kisha dereva wake akaanza kusema mzigo haushuki hadi hela ionekane.

Na tarehe 9 haisubiri. Unaidai SHA madai ya miezi, lakini michango ya wauguzi wako lazima uipeleke kwa SHA hiyo hiyo kwa wakati, na fomu ya michango haina mstari wa kuandika "tukatane". Kwa hiyo tengeneza jedwali la fedha taslimu kando ya vitabu vya kawaida. Vitabu vitakuonyesha mapato ya Machi. Jedwali litakuonyesha kwamba yaliyoingia Machi ni madai ya zamani na sehemu yake tu. Mshahara uandaliwe kwa jedwali, na pesa za makato zikae kando tangu siku ya kwanza, hata kama muuzaji wa oksijeni amekaa mapokezi. Nimeona wasimamizi wakizikopa "kwa wiki moja". Ndivyo mwajiri wa yule mume naye alivyoanza.

Wenzetu walioko Tanzania wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Kule mtumishi na mwajiri wanagawana asilimia 6 ya NHIF yao, na ugomvi mkubwa ulikuwa wa bei: 1 Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi ziligoma kuhudumia wanachama kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei zake. Sheria yao ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inawaleta waajiri wengi zaidi kwenye meza hiyo. Waliozoea kuandaa faili safi mapema hawatahangaika sana.

La mwisho ni gumu kidogo. Pesa zikibana, ipo siku mtu mwenye cheo atasimama nyuma ya kiti chako na kusema, kwa sauti ya upole, "huyu wa malaria mwandikie alilazwa siku mbili." Au upasuaji mdogo uitwe mkubwa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya chini ya Aden Duale ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya namna hii, na mfumo unaweka rekodi ya nani aliingiza nini na saa ngapi. Jina litakaloonekana ni lako, wala si la aliyesimama nyuma yako. Sema kwamba mfumo unahitaji maelezo ya wodi na saini ya daktari, kisha mwombe akuletee. Wengi hawarudi. Anayerudi na karatasi ya uongo iliyosainiwa, hiyo ni hospitali ya kuhama.

Usimpe mtu nywila yako, hata rafiki anayekushikia zamu ukienda chakula cha mchana. Na ukiacha kazi, omba akaunti yako ifungwe siku ile ile, kwa barua yenye tarehe na mhuri, nakala moja ubaki nayo nyumbani.