Yalikuwa maji, shangazi

Wiki hii mmeuliza: «Umewahi kupiga picha ikatoka na kitu usichoweza kukieleza?» Mimi yangu ni kinyume. Nilichokipiga nakieleza vizuri kabisa, ila sikupata wa kumweleza.

Napiga picha za arusi na matanga hapa Goma, na yale maduara meupe yanayoonekana kwenye picha kama yanaelea hewani nimeyaona mpaka yamenichosha. Kamera ndogo, flashi yake inakaa jirani kabisa na lenzi. Tone la maji likipita hapo mbele, mwanga unaligonga na kurudi moja kwa moja. Na kwa kuwa liko karibu mno, lenzi hailishiki sawasawa, linatanuka kama sahani. Vumbi nalo hufanya hivyohivyo, na vumbi la lava ya volkano ya Nyiragongo, ile ya 2002, bado tunalipangusa madirishani. Anayewauzia watu picha hizo kama roho ni mwizi.

Sasa, siku ya kuondoa matanga ya mume wa shangazi yangu, kule Majengo, mvua ilitukuta chini ya shitingi, yaani turubai. Umeme hakuna. Nikaipanga familia, maji yanachuruzika kwenye ukingo wa shitingi mbele ya uso wangu, nikapiga. Kwenye kioo cha kamera: maduara tisa, na moja kubwa, lenye ukingo mweupe na katikati kama moshi, limekaa juu ya kiti cha marehemu. Shangazi akalitazama. «Amekuja,» akasema.

Kesho yake jioni nilirudi na bidoni ya maji. Nikampandisha kijana mmoja juu ya meza, awe anamwaga kidogo kidogo mbele ya kiti kilekile. Kwa flashi, maduara. Bila flashi, giza na michirizi hafifu. Tukarudia mara nne, viatu vimelowa, kijana anacheka, maduara kila picha yanahama mahali. Shangazi alizikagua zote, moja moja, bila haraka.

«Nimeelewa, mwanangu. Ni maji. Lakini jana mbona yalikwenda kukaa kwenye kiti chake?»

Ningeweza kumwambia kwamba matone yalikuwa mengi, lazima mojawapo liangukie mahali. Sikumwambia. Nilimtolea nakala saba, moja kwa kila mtoto, na alinilipa.

Kwa hiyo lile neno «mwizi» hapo juu, lipunguzeni kidogo. Mimi sikusema ni roho. Ila nakala yake yeye aliomba niwakate watu wote, kibaki kiti na lile duara, nami nikakata.