“Mama Kajitahidi”: Kwa Binti Aliyeniuliza Kama Miaka 24 ni Mingi

Mbukwenyi wapendwa.

Jumamosi iliyopita nilifungwa seti tatu kwa mbili na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Fainali ya wanawake, mpira wa meza, ukumbini hapahapa Dodoma, mbele ya watu wasiozidi arobaini ukihesabu na wauza maji. Seti ya mwisho iliisha 11 kwa 9. Kufungwa kwenyewe hakukuniuma sana, maana binti anacheza vizuri na aliyemfundisha ni mimi. Kilichoniuma ni mshereheshaji. Alishika kipaza sauti akasema, “Jamani tumpigie makofi na mama, mama kajitahidi!”

Mtu akikwambia umejitahidi, ujue ameshakuzika, anasubiri arobaini tu.

Usiku nikiwa nakanda goti kwa maji ya moto, ukaingia ujumbe kwenye simu kutoka kwa msomaji wa Kondoa. Nanukuu kwa ruhusa yake: “Shikamoo dada. Nina miaka 24, nacheza mpira wa meza tangu shule ya msingi. Ndoto yangu ni kucheza kimataifa, ila nyumbani wanasema umri umekwenda, nifikirie kuolewa. Kweli nimechelewa?”

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo hili, na utanisamehe, swali lako limenikuta na kidonda kibichi.

Kuna mwanamke ninayemfuatilia kwenye simu jinsi wenzangu wanavyofuatilia tamthilia. Anaitwa Ni Xialian. Kazaliwa Shanghai mwaka 1963. Mwaka 1983, mashindano ya dunia ya Tokyo, akiwa na miaka 19, alichukua ubingwa na timu ya wanawake ya China, akaongeza na wa wawili wawili mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, akicheza na Guo Yuehua. Kwa mahesabu ya watu wa nyumbani kwenu, hapo alikuwa amemaliza. Akahamia Ulaya, akaweka makazi Luxembourg, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani ya ukutani ya darasani kwangu unakuta pini imeifunika. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Sydney mwaka 2000. Alikuwa na miaka 37. Ya kwanza hiyo! Toa 24 kwenye 37 halafu uwapelekee jibu hao wanaokuhesabia.

Hakuishia hapo. Alicheza Beijing, London, Rio. Tokyo, mwaka 2021, akiwa na miaka 58 alipangwa na Shin Yu-bin wa Korea Kusini, mtoto wa miaka 17, wakaenda mpaka seti ya saba ndipo akafungwa 4 kwa 3. Mechi ile nimeitazama siwezi kuhesabu mara ngapi, na tangu Jumamosi naitazama kwa jicho jingine. Mwaka huohuo, kule Houston, yeye na Sarah de Nutte wakachukua shaba ya dunia ya wawili wawili. Paris 2024 ana miaka 61, akashinda mechi yake ya kwanza, ya pili akakutana na Sun Yingsha wa China akatoka 4 kwa 0. Kama kuna aliyesema “mama kajitahidi” basi alisema kwa Kichina, mimi sikusikia.

Na usiseme hao ni Wachina. Segun Toriola wa Nigeria amecheza Olimpiki saba, kuanzia Barcelona 1992 hadi Rio 2016. Mwenzake Olufunke Oshonaike naye saba, kuanzia Atlanta 1996 hadi Tokyo, alikofika akiwa na miaka 45. Mwaka ule wa Atlanta mimi nilikuwa na miaka 17, na hakuna mtu Dodoma angenidanganya kwenye meza.

Ngoja nikusimulie.

Nimezaliwa mwaka 1979, Chang'ombe. Baba alikuwa mtu wa reli, na karibu na kazini kwao kulikuwa na ukumbi wenye meza moja. Meza halali ina urefu wa mita 2.74 na kimo cha sentimeta 76. Yetu ilichongwa na fundi seremala kwa mbao laini za kubandika, ilipungua shubiri nzima, na mguu mmoja ulikalia tofali. Wavu ulikuwa kipande cha chandarua. Kipira kina gramu 2.7 tu, na wewe unaujua upepo wetu wa Julai, unaoezua bati na kuhamisha vumbi la Kizota kulipeleka Makole. Basi tulikuwa tunaamka alfajiri kabla haujaamka wenyewe, tunaziba nyufa za madirisha kwa kanga kuukuu, tunacheza mpaka kengele ya shule. Nikifika darasani mikono inanuka vumbi na mpira. Wenzangu walidhani naosha magari.

Silaha yangu ilikuwa kuanzisha, yaani kile kipigo cha kwanza cha kila pointi. Nilikuwa naficha kipira nyuma ya mkono wa kushoto, nakikata chini, mpinzani anakiona kimeshafika. Walinipa jina la Mchawi. Nililipenda, sitakuficha.

Mwaka 2001, nina miaka 22, nikachaguliwa kwenye timu ya kwenda kucheza nje ya nchi. Pasi ya kusafiria ikatengenezwa. Mama akauza magunia mawili ya uwele ili nipate cha kushika mkononi, na mimi nikaenda Sabasaba kwenye mitumba nikachagua sweta zito la rangi ya damu ya mzee. Siku nne kabla ya safari nikaenda kusoma orodha ya mwisho. Jina langu halikuwapo. Lilikuwapo la binti ambaye mwaka ule nilikuwa nimemfunga mara tatu kati ya tatu. Nikauliza, nikaambiwa, “Wewe bado mdogo, zamu yako itakuja.”

Unaona? Kwako umri umekwenda, kwangu ulikuwa haujafika. Umri katika nchi hii ni kitambaa, kila mtu anakikata kwa mkasi wake.

Sikurudi ukumbini. Raketi nikampa binamu, akaifanyia kibao cha kufunikia sufuria. Lile sweta lipo, mwanangu wa pili analivaa asubuhi za Juni na hajui ni la safari gani. Miaka kumi na saba iliyofuata nitaipita haraka: chuo, ndoa, watoto watatu, chaki.

Mwaka 2018 shule ninayofundisha ikaletewa meza. Meza ya kweli, ya bluu, yenye magurudumu. Wanafunzi walikuwa wanaicheza kama wanafukuza nzi. Nikavua viatu vya kisigino, nikaomba raketi. Nikaanzisha ile ya kichawi, kipira kikapita. Nikatabasamu. Kijana wa upande wa pili akasema kwa adabu, “Mwalimu, hiyo faulo.” Nikamwambia acha utani. Tukaendelea, nikawa na pointi nane, yeye akafika kumi na moja, akaweka raketi mezani. Nikamuuliza mbona unaacha katikati? “Mwalimu, imeisha.”

Nilikuwa nahesabu kwenda 21.

Nikaenda kusoma. Kumbe baada ya Olimpiki ya Sydney kipira kilikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40, kikawa kizito kidogo cha mwendo, mizunguko ikapungua. Mwaka 2001, mwaka uleule nilioondoka kwa hasira, seti ilipunguzwa kutoka pointi 21 hadi 11. Mwaka uliofuata wakapiga marufuku kuficha kipira wakati wa kuanzisha: lazima kitoke kwenye kiganja kilicho wazi, kirushwe juu angalau sentimeta 16, na mpinzani akione muda wote. Halafu mwaka 2014 vikaanza kuja vipira vya plastiki kuchukua nafasi ya vile vya selulodi. Nilirudi kwangu nikakuta kila kufuli limebadilishwa, na uchawi wangu ni kosa kisheria.

Sasa hapa ndipo penye ushauri wenyewe. Makufuli hayohayo Ni Xialian aliyakuta, moja baada ya jingine, naye akiwa ndani ya nyumba. Alijifunza mchezo wa 21 akaja kushinda kwenye 11. Mtazame anavyocheza: anatumia mkono wa kushoto, anashika raketi kama anayeshika kalamu, na upande mmoja wa raketi una mpira wenye chunusi ndefu, vile vinundu vinavyochomoza, zinazourudisha mzunguko wa mpinzani ukiwa umegeuka. Hakimbii sana. Anasimama pale, anapeleka kipira kule, mtoto wa watu anakimbia. Mwili wake umezeeka kama wangu na kama utakavyozeeka wako, lakini kila walipobadili sheria naye alibadili mchezo. Mimi nilikaa na mchezo mmoja pamoja na kinyongo kimoja, vyote vikaozea kabatini.

Kwa hiyo badilika. Ukiona namna yako ya kuanzisha imezoeleka, tafuta nyingine. Mimi niliweka sahani ya kikombe kwenye kona ya meza, dakika kumi na tano kila siku, peke yangu, naanzisha mpaka naigonga. Ilinichukua mwaka mzima kupata kitu cha kuitwa silaha. Miguu nayo usiisahau, ruka kamba, maana mchezo huu watu wanadhani ni wa mkono. Raketi ifute kwa kitambaa chenye unyevu kila ukimaliza na uifunge kwenye nailoni, vumbi letu linaua ule mshiko wa mpira kabla ya wakati. Na badilika. Tafuta anayekufunga ucheze naye huyo, usizunguke na wale unaowafunga. Na usiache meza. Nimeshasema? Usiache meza.

Kuhusu kuolewa. Olewa kama umempata mtu, usiolewe kwa sababu umeambiwa muda umeisha. Kocha wa Ni Xialian ni mume wake, Tommy Danielsson, Mswidi. Wangu hajui hata kushika raketi, lakini nimpe haki yake, kila Jumapili baada ya ibada ndiye anayeniokotea vipira chini ya makabati ya maabara. Mwanamume anayeinama kukuokotea kipira cha gramu 2.7 bila kulalamika ni mume. Asiyeinama kabla ya mahari hatainama baada yake, na hili nalisema kwa mabinti wote wanaosoma hapa, si kwa wacheza meza peke yao.

Kuhusu riziki nitakwambia ukweli, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Mchezo huu ukibaki nao nyumbani haukulishi. Waliodumu wengi walipita kwenye klabu za Ulaya, ndiko kwenye ligi na mshahara. Oshonaike maisha yake ameyaweka Ujerumani. Quadri Aruna wa Nigeria, aliyefika robo fainali ya Rio 2016 baada ya kumtoa Mjerumani Timo Boll, alipitia klabu za Ureno. Kwa hiyo pasi yako itengeneze sasa, kwa hela yako, uiweke kwenye sanduku lako. Usisubiri orodha ya mtu. Na wazazi, mnaosoma makala hizi kwa simu za watoto wenu, mwacheni binti acheze. Hamjui ni kitu gani mnakizima. Na ninyi mnaoandika majina usiku na kuyafuta alfajiri, tunawakumbuka kwa sura. Wengine tunakutana nanyi sokoni Majengo, tunasalimiana, tunaulizana bei ya nyanya, na mnajua tunachowaza.

Haya, nimefoka. Nilijua nitafoka.

Binti wa Kondoa, mimi sitacheza Olimpiki, hilo halinikoseshi usingizi tena, au niseme halinikoseshi kila siku. Lakini wewe hesabu zako bado zinaruhusu. Ukija mjini nitafute, tunacheza Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Njoo na raketi yako. Vipira ninavyo sita, kimoja kina ufa.

Jumatatu asubuhi yule bingwa wangu mpya alinifuata ofisini, kabeba madaftari ya darasa zima kwa mikono miwili, kanisalimia kwa heshima zote. Akasitasita, kisha akauliza, “Mwalimu, ile uliyoanzisha kwenye seti ya nne, ile iliyokatia kulia halafu ikarudi, unaifanyaje?”

Nikamwambia aweke madaftari mezani. Nitamfundisha mwezi Januari. Mashindano ya Desemba nimeshajiandikisha.