Mtoto hataki mawaidha, anataka roketi tu

Pole dada. Umesema kijana wako wa darasa la sita anamaliza jioni nzima kwenye video za anga, ila ukianza kumwonya anaziba masikio. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Niliacha mawaidha, nikamwomba anisimulie yeye.

Akaniletea hadithi ya Apollo 13, chombo cha anga cha Marekani, Aprili 1970: tangi la oksijeni limelipuka njiani kwenda mwezini, hewa ya ukaa inaongezeka, na vichujio vya mraba vya kuiondoa haviingii kwenye matundu ya duara. Wanaanga wakaviunga kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na utepe wa gundi. Wote watatu wakarudi salama. Nikauliza tu, "Walianza kulaumiana au kuhesabu walivyo navyo?" Akanyamaza. Siku mnyororo wa baiskeli ulipokatika hakulia, alimwaga kisanduku cha spana sakafuni (nilifagia mimi, lakini haya).

Usimalizie kwa "umeona sasa?" Utaharibu kila kitu. Majaribio ya moto na umeme asifanye peke yake. Akianza kujitenga, kukosa usingizi au alama zikishuka ghafla, zungumza na mwalimu wake au mshauri nasaha, hadithi hazitatosha.