Njia ya nyongo imeziba na ERCP imeshindikana

Pole sana, dada, kwa kumuuguza mzee. Umeuliza: uvimbe wa kongosho umebana tundu la nyongo, ERCP (kupitisha kamera mdomoni ili kuzibua njia ya nyongo kutokea utumboni) imeshindikana, na sasa daktari anataka kupitisha altrasaundi mdomoni, je, si kumtesa tu?

Hapana. Kamera ya safari hii ina altrasaundi ndogo kwenye ncha. Ikishafika tumboni au mwanzo wa utumbo mwembamba, daktari anauona mrija wa nyongo uliotanuka ng'ambo ya ukuta, anautoboa kwa sindano, kisha anaacha stenti, yaani kijibomba kidogo, ili nyongo imwagikie utumboni. Marc Giovannini na wenzake wa Ufaransa waliieleza njia hii mwaka 2001, kwa hiyo si jambo la jana.

Njia nyingine ni kutoboa ubavuni hadi kwenye ini. Nayo inasaidia, na hospitali nyingi ndiyo waliyo nayo, ila mara nyingi mgonjwa hubaki na mpira na kifuko cha kukingia nyongo nje. Nilimuuguza mama na kifuko hicho: analala upande mmoja tu, na asubuhi shuka lina madoa ya kijani. Kama mtaalamu wa kutoboa kwa ndani yupo, ningechagua hiyo.

Muulize daktari ameshafanya wangapi. Mwambie pia kama mzee anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Akirudi nyumbani akashikwa na homa, kutetemeka au maumivu makali ya tumbo, mrudisheni usiku huohuo, msingoje kuche.