Re: Napima kebo ya 11 kV Jumamosi, "nagusisha erthi halafu nafungua"

Kaka, futa hiyo mistari yako ya mwisho. "Nikimaliza nagusisha erthi mara moja halafu nafungua." Hiyo "mara moja" ndiyo iliyonivunja kifundo cha mkono.

Ukiipiga kebo ndefu 5 kV kwa dakika 10 kupima insulesheni (ganda linalozuia umeme kutoka), chaji nyingine inanywewa na insulesheni yenyewe. Ukigusisha erthi (waya wa kwenda ardhini), cheche inalia pa! unadhani imekwisha. Ukiondoa tu ule waya, iliyobaki ndani inaanza kurudi kwenye shaba na volti zinapanda tena polepole, hata kama kebo haijaunganishwa popote. Kebo za zamani za karatasi na mafuta ndizo mbaya zaidi, na ndiyo tuliyokuwa tunapima. Niligusisha, cheche ikalia, nikakunja waya za Megger (mashine ya kupimia insulesheni) taratibu, nikapanda stuli kufungua fezi nyekundu, mojawapo ya nyaya tatu za kebo. Ilinirusha kutoka juu, nikaangukia mkono.

Aliyenifundisha hivyo ni msimamizi wangu, na hasira naye sijaimaliza. Alizoea kupima vipande vifupi vya kebo ambavyo havibaki na chaji ya maana, akaamini ndivyo kazi inavyofanywa, akawarithisha vijana. Siku hiyo alikuwa anatuhimiza umeme urudi kabla ya shifti ya jioni. Mtu wa hivyo asipewe timu!

Shika hili: hujafunga klempu ya erthi, hujamaliza kupima. Ukizima, usichomoe waya. Megger nyingi za sasa zinatoa chaji zenyewe, kwa hiyo tazama kioo cha Megger mpaka volti zishuke. Fuatisha fimbo ya kutolea chaji yenye rezista, kisha klempu, na klempu ikae angalau mara 4 ya muda uliopima. Umepima dakika 10, subiri 40. Hata unapofungua waya za kipimo, klempu iwe bado imeng'ata. Fezi mbili usizozipima zifunge erthi tangu mwanzo, maana nazo zinachajika. Na ncha ya pili ya kebo weka uzio na mtu wa kulinda, 5 kV zako zinafika huko pia.

Ulichouliza, insulesheni isome megaohmu ngapi ndiyo zinatosha, wenzangu watakujibu. Mimi nataka kujua kwanza: klempu na fimbo unazo, na huko ncha ya pili anasimama nani?